Viraka Vimeingia Ukumbini

Jumapili, Mwankoko. Upepo tangu asubuhi, ule wetu wa Singida wa kuanika nguo ukaziokota kwa jirani. Vumbi limeingia mpaka kwenye chai.

Leo nina furaha ya kijinga, ile ya kupita mbele ya kioo na kujisalimia. Kiuno kinauma, vidole vinanuka mafuta ya taa hata baada ya kuoga na kurudia, na sijali. Shajara yangu ya mtandaoni, jana nimeshinda. Naandika sasa hivi kabla furaha haijapoa.

Kwa asiyenijua: mimi ni Mama Eliya, nashona mablanketi ya viraka. Nakusanya mabaki ya vitenge kwa mafundi wa mjini, nayakata, nayaunga mpaka yawe kitu kimoja. Juu viraka, katikati blanketi jepesi, chini shuka, halafu napiga mistari inayopita tabaka zote tatu. Cherehani yangu ni ile nyeusi ya kukanyaga, niliyoinunua kwa mama mmoja aliyechoka kushona sare za shule. Watu wananiuliza sana humu ni cherehani gani inafaa kwa kazi hii, na jibu langu halibadiliki: ile inayopita kwenye unene bila kulalamika. Jirani yangu ana ndogo ya umeme, nzuri mno kwa zipu na mapindo. Wiki hii nilipokuwa na shida nikaiazima. Kwenye tabaka tatu ilinguruma, ikatoa harufu ya kuungua, nikairudisha mbio pamoja na ndizi za kuombea radhi.

Shida yenyewe ndiyo hii.

Happiness, binti wa wifi yangu, sendofu yake, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, ilikuwa jana. Baba Eliya ndiye mjomba mtu, na zawadi ya wajomba inaangaliwa kwa macho manne. Nikajitolea kushona blanketi. Nilizunguka kwa wanawake wote wa ukoo, kila mmoja akanipa kipande cha nguo yake aliyowahi kuivaa. Wote walitoa, isipokuwa mama mkwe.

Mama mkwe wangu ni mtu wa Ihanja, mkulima wa alizeti, mwanamke asiyezunguka maneno. Alikuja kukaa kwetu baada ya mavuno ili aisubiri sherehe ya mjukuu wake. Kwenye kikao cha familia, watu wamejaa sebuleni, akasema: "Mtoto aende kwa watu na viraka? Kiraka ni cha mtu aliyekosa. Watasema kwao hakuna hata blanketi."

Kwetu mkwe hajibiwi. Baba Eliya alianza kuchunguza dari kana kwamba amesikia panya.

Mwisho wakaamua. Blanketi la dukani likanunuliwa, lile la kwenye mfuko wenye zipu, likawekwa akiba. Langu likikamilika kufikia Jumamosi asubuhi na likawa la kupendeza, liende. Lisipokamilika, liende la dukani. Kila mtu aliona uamuzi huo una busara. Mimi niliona nimepewa mtihani mbele ya ukoo mzima, ukoo ambao kazi yangu unaiita "vile vitambaa vyako". Nikishindwa, sitafungua mdomo tena kusema hii ni kazi.

Basi kama vile shetani alikuwa anasikiliza, cherehani ikaanza kuwa nzito.

Mwanzoni nililaumu vumbi, maana upepo huu unaingiza vumbi hata kwenye ndoto. Nikaisugua. Ikazidi. Nikabadilisha mkanda, nikaweka sindano nene, nikapunguza haraka. Kila asubuhi naikuta nzito kuliko jana yake, nakanyaga mpaka mashavu ya miguu yanauma. Alhamisi jioni ikasimama kabisa. Gurudumu halikuzunguka mbele wala nyuma. Ndipo nikaenda kuazima ile ya umeme, na mwisho wake nimeshausema.

Ijumaa asubuhi niliketi chini sakafuni nikafungua kichwa cha cherehani kwa bisibisi. Ndani kila kiungo kilikuwa kimegandwa na kitu cha kahawia, kinanata kama ulimbo wa kunasia ndege. Nikakinusa. Kilinukia chapati.

Alizeti.

Nilipoinua kichwa, mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ameshaelewa kutokana na sura yangu.

"Nilikuwa naipaka," akasema. "Kila ukienda sokoni. Niliisikia inalialia, nikajua imekauka. Mafuta mazuri yale, nimekamua mwenyewe."

Mtu wa mahali pengine angeshangaa. Mimi nimeolewa huku, sikushangaa. Kwa mama mkwe, alizeti inapikia, inapaka ngozi, inalainisha bawaba za mlango na inatibu kikohozi cha wajukuu. Alikuja na dumu zima. Ni nani angemwambia kwamba mafuta yale yale yakikaa siku nyingi kwenye chuma yanakauka na kugeuka gundi?

Nitasema ukweli hapa maana hapa ndipo ninaposema ukweli. Wazo la kwanza lililonijia ni kwamba alifanya makusudi. Hataki viraka, basi ameiua cherehani. Nilitoka nje nikawafokea kuku, kuku wasio na hatia yoyote. Nikasimama kwenye upepo mpaka machozi yakakauka.

Niliporudi nikamkuta amekaa sakafuni pembeni ya cherehani, miguu ameinyoosha, anakwangua ule ulimbo kwa ncha ya ukucha huku ananung'unika kwa Kinyaturu, lugha ya kwao. Nikamuuliza kwa sauti ndogo, "Mama, si hukutaka viraka?"

"Viraka sivitaki hata sasa," akajibu bila kuniangalia. "Lakini wewe nakuona unavyohangaika."

Nilikaa naye chini.

Tulifunga madirisha vumbi lisiingie, tukachukua mafuta ya taa na mswaki mkuukuu. Mimi nadondoshea kwenye viungo, yeye anashika gurudumu na kulisukuma kidogo, analirudisha, analisukuma tena. Halikwenda. Tukasubiri, tukadondoshea tena. Nilipotaka kutumia nguvu alinipiga kofi mkononi. "Huyu ni kama ng'ombe aliyekwama kwenye tope," akasema, "ukimvuta kwa hasira unamvunja mguu." Mchana, wakati nimeshaanza kuwaza namna ya kumpigia wifi kumwambia tutaleta la dukani, gurudumu likaitika. Robo, halafu nusu, halafu likazunguka lote, na mama mkwe akapiga kigelegele kimoja cha ghafla, kisha akajiziba mdomo kama mtu aliyekosea kanisani.

Nikaifuta, nikaitia mafuta yake ya haki, yale ya kwenye kichupa. Halafu nikakanyaga.

Ewe shajara, sijui nikuelezeje ile sauti. Ilikuwa nyepesi kuliko siku niliyoinunua. Ilipita kwenye tabaka tatu, ikapita mahali mishono inapokutana na kitambaa kinakuwa kinene kama mkate, ikapita tu. Kilichobaki ni uzito wa blanketi lenyewe. Wanaoshona wanajua: blanketi likishakuwa kubwa linaning'inia nyuma ya meza, linavuta, mstari unapinda. Mama mkwe aliliona hilo kabla sijasema. Akasimama nyuma ya cherehani, akalipakata mikononi kama mtoto mchanga, akawa analiachia taratibu kadiri ninavyosonga. Alisimama hivyo mchana wote. Kipande cha nguo yake hakutoa, na sikumwomba. Jua lilipokuwa linazama nikamaliza pindo la mwisho.

Jumamosi asubuhi Baba Eliya alilitandaza kitandani, akalitazama, kisha akaurudisha mfuko wa dukani juu ya kabati. Huyo ndiye mume wangu, hotuba yake ndiyo hiyo.

Ukumbini wajomba tuliitwa. Tukaingia tunacheza, mimi na mawifi tumeshika pembe, blanketi limefunguliwa juu ya vichwa vyetu watu wote waone. Ghafla upande wetu ukaanza kusimama. Kila mwanamke alikuwa anatafuta kipande chake. "Lile gauni langu la kipaimara!" "Mnaona? Ile khanga niliyombebea Happiness mgongoni!" Shangazi mmoja alipanda juu ya kiti. Mshereheshaji aliomba utulivu, akapuuzwa. Happiness akaweka kidole kwenye kipande cha mama yake akalia, sisi tukalia, poda yangu ikashuka na machozi mpaka kwenye kola.

Kisha mama wa bwana harusi akainuka, akaja pale mbele. Nikaikaza pembe yangu, maana huyu ndiye aliyeogopewa kwenye kikao. Hakulitazama juu. Aligeuza blanketi akatazama chini, kwenye mishono, kama wanavyofanya wanaojua. Akapitisha kidole kwenye mstari kutoka mwanzo hadi mwisho. Akauliza linauzwa duka gani.

Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe alishajibu kutoka kwenye kiti chake, kwa sauti ya kuita ng'ombe:

"Haya hayauzwi dukani! Fundi ndiye huyo, mkwe wangu!"

Fundi. Mbele ya koo mbili. Chema chajiuza, wahenga walisema, lakini kikipata mtu wa kukipigia kelele kinauzika haraka zaidi. Nikamfuata kumshukuru, nikaishia kumshika mkono na kuutikisa kama tumekutana kwa mara ya kwanza.

Leo alikuwa arudi Ihanja baada ya ibada. Nilimfungashia sukari na sabuni, nikaenda chumbani kumwambia gari limefika. Nikamkuta ameumwaga mkoba wake wote kitandani, vitenge vyake vya miaka na miaka, anavipanga viwili viwili. Akaniambia gari liende. Kitanda chake cha Ihanja kina baridi, na haondoki mpaka alale chini ya blanketi la viraka la kwake.

Nikamchagulia kijani kiende na njano. Akakitupa pembeni. Kijani hicho, anasema, ni cha msichana. Nikamwambia kijani ndicho kitakachoipa njano uhai. Akaniambia mimi macho yangu yana vumbi. Nikamwambia mama, mimi ndiye fundi. Akasema na yeye ndiye atakayelala humo. Sauti zilipanda mpaka Baba Eliya akachungulia mlangoni, akatuangalia, akaondoka upesi.

Kesho jua likitoka tunaanza kukata, kijani kiwepo kisiwepo. Miaka yote tangu niolewe sijawahi kumjibu mama mkwe wangu hata neno moja, na leo tumegombana mchana kutwa, tukicheka, kwa ajili ya viraka.