Kibali cha Chumba cha Upendo

Ujerumani

Dada yangu Aikande,

Shikamoo dada. Natumaini kikohozi cha Mama kimetulia baada ya masika, na shemeji amevuna salama yale mahindi ya Sanya Juu. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio unaoniuma, na haya sikuweza kuyasema kwenye simu.

Unajua nilivyohangaikia kibali cha nyumba. Hapa mgeni haleti mtoto wake mpaka jiji likubali kwamba anapoishi panatosha watu wawili. Nilipeleka karatasi zangu ofisi ya jiji, nikapokelewa dirishani na mama mmoja mwenye mvi. Akazipitia, akasema, "Vuta subira, binti, ziko sawa." Nilirudi kwa wazee ninaowauguza huku naimba.

Kisha wakafunga lile dirisha. Wakasema maombi yote sasa yanapita kwenye intaneti, na ya zamani yaanzwe upya. Dada, mimi kompyuta nilizoea kuifuta vumbi tu kazini! Kila siku ya mapumziko nilikwenda maktaba, nabonyeza kwa kidole kimoja. Nikikaribia mwisho, mashine inanirudisha mwanzo. Haikutaka jina la mwanangu Upendo, kwa kuwa amebeba la marehemu baba yake na halifanani na langu. Na wa kumweleza hayupo. Nikaandika, nikakataliwa, nikaandika tena. Theluji ikaanguka mara ya pili, na mwanangu akaanza shule Machame nami sipo.

Mwezi uliopita kibali kikatoka. Nikapaka chumba rangi, nikanunua kitanda, ndipo nikakupigia. Akapokea Upendo.

"Mwanangu, sasa utakuja kukaa na mimi."

Akauliza, "Na mama naye anakuja?"

"Mama yupi?"

"Si mama! Yuko kihambani, kwenye migomba, anakata majani ya ng'ombe. Nikamwite?"

Nikamwambia asikuite. Nilikaa juu ya kile kitanda kipya mpaka chumba kikawa giza.

Nilimwacha hajaota meno, dada. Wewe ndiye uliyemwogesha, ukamkanda homa zilipompanda, ukamfundisha kusali. Hukuniibia kitu. Ningemleta huku angelala na nani, nikiwa zamu ya usiku? Angemlilia nani? Nimewaza mpaka nimechoka, na nimeamua simng'oi hapo. Nimewaandikia watu wa jiji wakifute kibali. Hilo mashine ililikubali papo hapo.

Tafadhali usimgombeze wala usimwulize alisema nini. Mtoto hana kosa.

Nisalimie Mama, umwambie blanketi lake nimelipata, zito kama alivyotaka. Shemeji mpe pole ya shamba. Kaka yetu, mzee wa kanisa, asichoke kuniombea.

Na Upendo mwambie mama yake mdogo anamsalimu.

Mdogo wako akupendaye,
Haikaeli