Kopo la Mchanga Uliokataa Sumaku

Mpendwa mama mdogo,

Kwa heshima na taadhima, nautangazia ukoo mzima, kuanzia Kawajense mpaka huko kwako Mamba: lile kopo la maziwa lenye mchanga mweusi limefunguliwa leo. Mgeni rasmi nilikuwa mimi.

Unakumbuka tulivyosafisha dhahabu uani? Unakausha mchanga kwenye sufuria juu ya mkaa, unapitisha ile sumaku ya spika ya redio, mchanga mweusi unanasa, dhahabu inabaki. Mpaka ule wa shimo jipya ulipogoma kunasa, tukaufungia koponi.

"Karasha la kusagia mawe limeubana mno," ukasema. "Hata wewe ukibanwa hivyo utasahau jina lako."

"Mchanga huu una madini mengine ndani yake, mama mdogo."

"Profesa huyo! Na darasa la saba ulisindikiza wenzako tu."

Nikanuna. Ukahamia Mamba kulima mpunga, tukaachiana sharti: aliyekosea ndiye atakayemfuata mwenzake. Mpunga umevunwa mara mbili, hakuna aliyepanda basi.

Nimesoma kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Kumbe ndani ya chembe ya mchanga ule, atomi za chuma zimejipanga kama kwaya yako, kila moja sumaku ndogo yenye upande wake wa kutazama. Toa waimbaji kadhaa, weka wageni, tuseme zinki mahali pa chuma, na mpangilio unabadilika: mara sumaku inalegea, mara inaongezeka nguvu. Nikashangilia peke yangu. Ukurasa uliofuata ukanikata maini: usibadilishe hata mmoja, wabane tu kwenye benchi, nao wanaweza kugeuka au kuvurugika kabisa. Ila kubana kwenyewe ni kwa kutisha, karasha letu haliwezi.

Basi wote tuna hoja nusunusu, na hakuna aliyekosea wa kusafiri. Hapo ndipo nilipoona uchungu, maana nyumba imepoa, hakuna anayenisema vizuri kama wewe. Nikaazima sumaku ya jirani, nikafungua kopo, ili angalau mmoja wetu akosee.

Mchanga wote ukaruka, ukaning'inia kama popo.

Mchanga ulikuwa mzima, mama mdogo. Iliyokufa ni sumaku yetu, kwa moto. Tumekosea wote, ila wewe usitoke huko, tusije tukapishana njiani. Jumamosi niwekee ubwabwa.

Mwanao wa Kawajense

Nilisahau: aliyeiacha sumaku kwenye sufuria ya moto ni mimi.