Chai Niliyomwaga Kwenye Mawe

Jumanne, 4 Machi
Nimechuma chai mpaka saa nne, nikapeleka kituoni ikapimwe. Kisha kwenye mawe, kama kila Jumanne. Ni duara la mawe tu kwenye malisho yetu, nyasi karibu zimelifunika. Marehemu baba alisema ni ukuta wa Wasirikwa, waliokaa hapa kabla yetu. Walifungia ng'ombe humo wasiibiwe. Mimi huomba hapo. Nyumbani kuna kelele. Namwombea binti yangu Joyce apate mtoto.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwambia Lina, rafiki yangu wa kanisani, kuhusu mawe. Miaka kumi na mbili tunaomba pamoja, na hili tu ndilo sikuwa nimemwambia. Anataka kuona. Nimefurahi sana.

Jumamosi, 8 Machi
Nimempeleka. Akacheka. "Mama Joyce, ukuta gani huu? Hata kuku anaruka." Tukaomba. Nikamimina chai ya maziwa kutoka kwa thermos, bado nimepiga magoti. Siafu akaingia kikombe changu. Lina ndiye alimwona. "Mwaga hiyo." Nikamwaga kwenye jiwe. Akanipiga picha na simu yake. Siku njema. Asante Bwana.

Jumatano, 12 Machi
Picha iko kwa simu za akina mama wote wa kanisa. Mimi magotini, kikombe kimeinama. Wanasema nawapa wafu maziwa, kama tambiko la zamani.
Nimempigia Lina mara tano. Hashiki.

Jumapili, 16 Machi
Kamati imeniita baada ya ibada. Mzee wa kanisa akauliza, "Dada, ulikuwa unamwagia nani?" Nikasema kulikuwa na siafu. Mtu akacheka. Nikamwangalia Lina, aseme. Akafungua Biblia, akasoma.
Wamenitoa kwenye uongozi wa maombi ya akina mama. Miaka tisa. Wamempa Lina. Hakukataa.

Jumatatu, 17 Machi
Nina hasira. Naandika hapa isije ikanitoka mdomoni. Yeye ndiye alimwona huyo mdudu. Yeye.

Jumanne, 18 Machi
Nimechuma, nimepeleka kituoni. Lina alikuwa kwa foleni. Akasema "Chamgei." Nikaitikia, salamu haikataliwi.
Halafu mawe. Thermos nimeiacha nyumbani. Nimemwombea Joyce. Baada ya Joyce huwa ni Lina, mgongo wake na watoto wake. Nikataja jina. Sikupata la kuongeza. Nikakaa hapo, ng'ombe wakala nyasi mpaka karibu na magoti yangu.