Miguu ya Chiku

Jumamosi, Kongwa

Na mimi nikapiga makofi kama wengine! Najichukia.

Leo shuleni tumezindua vitabu vya wanafunzi wetu wa zamani. Cha Meshaki kinasimulia maisha yake mwenyewe. Eti alikuwa akija shule pekupeku kutoka porini, tumboni uji wa mtama tu. Mwongo mkubwa! Nilimfundisha mwenyewe, gari la baba yake lilimshusha mlangoni kila asubuhi. Aliyekuja pekupeku ni Chiku, mwenzake wa dawati moja, ambaye leo ndiye aliyetupikia pilau.

Chiku alisikiliza ukurasa ule ukisomwa, mwiko mkononi. Baadaye akanisogelea.

"Shikamoo mwalimu. Kumbe Meshaki naye alikuwa anatembea? Mbona sikuwahi kumwona njiani?"

Nikamwambia pilau lake limekolea viungo.