Programme ya Kavuo Ilikuwa Nyeupe Sana

Beni, tarehe 4 Februari 2024

Kavuo mutoto yangu,
Nakusalimia sana. Kifua yako inaendelea namna gani na ile baridi ya Butembo? Mimi niko muzima, ni macho tu inanisumbua. Ile programme ulinitengenezea juu ya nyimbo za chorale, kwaya yetu, naipenda, mais iko nyeupe sana. Mu mashini ya kompyuta, ile Linux inayoiendesha uliiweka yote nyeusi, macho inapumuzika. Nikifungula programme yako, ni kama mutu ananimulikia torche mu uso. Ukuje uangalie. Tangu tulizika mama yako haujafika huku.
Papa yako, Melchior

Butembo, tarehe 9 Februari

Papa,
Jambo sana. Kifua ilisha pona, aksanti. Pole na macho. Nimeelewa sababu: programme iko na rangi yake yenyewe, haiulizake Linux iko na thème gani, ni kusema sura na rangi gani. Nitaiandika upya ili iulize kwanza, kisha ifuate yote: rangi, boutons, hata ukubwa wa maandiko. Usijisumbue, haiombe nisafiri. Nitaituma na internet.
Mutoto wako, Kavuo

Beni, tarehe 15 Februari

Mutoto yangu,
Barua nimeipata, niko muzima. Mais haraka ni ya nini? Mashini haikimbie. Njia iko muzuri sasa, batu banafika. Chumba yako nilisha ipanga. Ukuje posho hii, Jumamosi, uone na macho yako.
Papa yako

Butembo, tarehe 28 Februari

Papa,
Unisamehe kuchelewa, huku ku atelier yetu ya mutaa wa Mususa kazi ni mingi. Basi, programme imeisha! Nikibadilisha thème ya Linux, nayo inabadilika palepale, hata menu moja ndogo iliyonishinda mwanzoni. Esdras wa chorale atakuwekea, nilisha mueleza. Utafurahi.
Kavuo wako

Butembo, tarehe 20 Machi

Papa,
Uko muzima? Kimya hii ni ya nini? Esdras anasema aliiweka. Kama kuko kosa, uniambie, nitatengeneza.
Kavuo

Beni, tarehe 2 Aprili

Kavuo,
Jambo, binti yangu. Hakuna ugonjwa. Programme inatembea bien. Iko nyeusi sawa zingine zote, macho haiume tena. Esdras alisema, "Papa, mutoto yako anajua kazi." Nikamujibu, "Anajua." Akaenda, nikabaki mbele ya mashini.
Sikukuandikia juu nilikuwa natafuta kosa ingine. Nilifungula kila menu, nikafinya kila bouton. Hapana. Sasa sina tena kitu ya kukuitia.
Papa yako

Butembo, tarehe 8 Aprili

Papa,
Si kazi iliyonizuia. Naogopa kuingia mu ile nyumba nikose sauti ya Mama mu jikoni. Nilifikiri nikikutengenezea vitu kwa mbali, itatosha.
Nilisha kamata nafasi mu gari ya siku ya posho. Unipokee ku parking ya magari, Papa. Usiningojee ku nyumba. Tuingie wote wawili.
Mutoto wako, Kavuo