Paka wa Kantengwa na Kahawa Iliyotemwa

Kijiji cha Chonyonyo,
S.L.P. Kayanga,
Karagwe.
2 Septemba 1987.

Mpendwa mdogo wangu Felicitas,

Marahaba. Nimeitikia kabisa, maana najua huko Muheza ukiiona tu bahasha yangu unaniamkia kabla hujaifungua. Hujambo wewe? Shemeji hajambo? Kile kifua chake cha vumbi la mkonge kimepoa? Na watoto wanakula au bado wanachagua chagua?

Sisi huku tu wazima, Mungu anatulinda. Mume wangu Anastazi goti linamsumbua asubuhi kukiwa na baridi, lakini shambani anakwenda. Kahawa mwaka huu imezaa hadi matawi yanagusa chini, na ukipita barabarani utatambua shamba langu bila kuulizia mtu. Mimi ni mzima mwili wote isipokuwa tumbo. Tumbo langu halijatulia tangu Julai, na si ugonjwa, ni kinyaa. Kama unakula, weka sahani pembeni kwanza.

Barua yako ya tarehe 9 Agosti imefika. Nimeona ulivyomkemea mwanangu Natukunda kwa uzembe wake wa ile kahawa ya wageni. Ameisoma mwenyewe, kwa sauti, mbele yangu na baba yake, mpaka mwisho. Hilo nitalifikia, usinikimbize. Lazima nianze na panya, kisha paka, ndipo utanielewa.

Unajua tarehe 12 Julai wazee walitoka Kaisho kuja kumposea kijana wao Mwesigwa, yule bwana mifugo. Kijana mzuri, mpole, ana baiskeli. Lakini na wao wanapata mtu! Mwanangu ndiye msichana wa kwanza kilima hiki kumaliza kidato cha nne, sasa ni mwalimu, na mwandiko wake ubaoni umenyooka kuliko mistari ya kahawa ya wazungu. Basi nilijiandaa. Nilikandika kuta, nikatandaza nyasi mbichi sebuleni, rubisi ya ndizi ilikuwa imeiva vizuri. Nyumba yangu unaifahamu, mtu anaweza kula chini bila sahani.

Wageni walipoketi nikampa baba wa kijana, mzee Ta Projestus, kile kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Hujasahau kwetu, mgeni asipopewa kahawa ni kama hajakaribishwa. Mimi na mdomo wangu nikasema, "Karibu baba, kahawa hii kaichemsha Natukunda, kaianika Natukunda, mimi sikugusa." Akachota kama punje nne, akatia mdomoni. Akatafuna mara moja. Akaacha.

Felicitas, sijapata kuona uso wa mtu mzima ukikunjamana vile. Alitema kiganjani, akainuka, akaenda mlangoni kwenye mwanga, akapekua kwa kidole. Akauliza polepole, "Mama, kahawa ya huku huota manyoya?"

Yalikuwa mavi ya panya. Makubwa, meusi, yamekauka, humo kwenye kikapu yanafanana na kahawa kama watoto wa tumbo moja. Jamaa yangu mmoja alikimbilia nje kutapika, na si yeye aliyetafuna! Wageni waliaga kwa adabu, rubisi wakaiacha imejaa, wakasema watatafakari.

Kutafakari kwao kulifika sokoni Kayanga kabla yangu. Wanawake wananipisha njia huku wanasema, "Mwache apite, mama wa kahawa yenye mkia." Mimi ningestahimili. Lakini kisimani walimwuliza Natukunda, "Mwalimu, darasani unafundisha kuhesabu panya?" Akateka maji yake, akajitwisha, akaja nyumbani. Tangu siku hiyo alikuwa ananipa shikamoo ya asubuhi tu, na baada ya hapo kimya hadi kesho yake.

Nikaanza kuwatazama hao panya kwa macho mapya. Mchana kweupe wanatembea juu ya boriti kama wanakwenda misa. Maharage ya mbegu yananuka mkojo wao. Jioni moja nimepiga magoti nasali rozari, tone likanidondokea kwenye mdomo wa juu, la uvuguvugu. Sitaki kuliandika zaidi. Nilisugua mdomo kwa majivu hadi ukavimba, nikamwambia Anastazi kesho naenda kutafuta paka.

Akacheka peke yake kitandani. "Huyo paka ndiye atakayekusemea?" Nikajifanya sikusikia.

Paka walikuwa kwa Kantengwa, yule mama wa wafugaji waliotoka Rwanda zamani, wanaokaa ng'ambo kwenye mbuga. Mwanamke msafi kweli. Vibuyu vyake vya maziwa amevifukiza vinanukia, ukimkuta hana doa. Lakini paka wake analala kwenye zizi la ndama, na humo ndimo alimozalia. Nilivua viatu vyangu vya kanisani nikaingia miguu mitupu kwenye samadi mbichi. Ilipanda hadi kwenye kifundo, ikapenya katikati ya vidole. Mimi, mama wa mwalimu!

Walikuwa wanne. Mmoja mweupe pee, macho ya kijani, mzuri kama kitambaa cha altare. Nilimtaka huyo, nisikufiche. Niliwaza wakwe wakirudi wamwone amelala sebuleni wajue hii ni nyumba ya namna gani.

Kantengwa akaweka mikono kiunoni. "Dada Costansia, unataka paka wa kukamata panya au wa kupiga naye picha?"

Akamshika yule mweupe ngozi ya shingo, akamwinua. Akaning'inia kama soksi iliyoloa. "Huyu ni wa maziwa, ataishi kwa kukuomba." Akamwinua wa pili, ni vile vile. Wa tatu akalia tu. Wa nne, Felicitas, nilitamani asimguse. Ana rangi ya majivu yaliyomwagikiwa chai, sikio limechanika, jicho moja limefungwa na tongotongo la njano, na harufu yake ndiyo ya zizi lenyewe. Alipoinuliwa alikunja miguu yote minne na mkia tumboni, akamgeukia Kantengwa, akamkwaruza mpaka damu.

"Huyu ndiye wako," anasema huku anajilamba kidole. Nikamwambia huyu ataniongezea uchafu. Akanijibu, "Uchafu unao tayari, unachotafuta ni wa kuuondoa."

Basi nikampa chumvi konzi moja, maana paka hachukuliwi bure, na asante haisemwi. Nikamfunika kwenye kikapu asiione njia. Alinikojolea mgongoni kutoka mbugani hadi mlangoni kwangu.

Nilimwosha jicho kwa maji ya chumvi siku nne, kila nikilipangusa nageuza uso. Yeye shukrani yake ilikuwa hii: alichagua majivu ya jikoni kuwa choo chake. Sina habari, nimeinama asubuhi napuliza moto, pumzi moja kubwa, yote yakanirukia usoni na mdomoni. Natukunda alikuwa mlangoni na chaki zake anakwenda shule. Nilimwona mabega yanatikisika. Akaondoka.

Siku ya tisa akaua panya wa kwanza. Mkubwa kama gunzi. Alimleta juu ya mto wangu, akaanzia kichwani, anamenya mifupa kama mtu anavyotafuna muwa, mkia ukawa unaingia mdomoni mwishoni polepole. Aliniachia nyongo na kipande cha utumbo kwenye foronya niliyoidarizi mwenyewe. Nikatapika. Lakini nikahesabu: mmoja. Kufikia mwisho wa Agosti walikuwa kumi na tisa niliowaona kwa macho. Juu ya boriti kukawa kimya. Nilichoma kile kikapu cha zamani, nikanunua kipya, na Natukunda akachuma kahawa nyingine, akaichemsha na majani yake, akaianika juani akiilinda.

Jumapili iliyopita, tarehe 30, wakarudi. Ta Projestus na wazee wenzake, pamoja na dada yake, shangazi wa kijana, mwanamke mwenye macho ya kupimia watu. Na mimi nilikuwa nimeshawaandalia hotuba. Hawajakaa vizuri nimembeba paka, nimewaonyesha, nimetaja idadi, nimewaambia hata kwenye maghala ya chama cha ushirika hakuna kama huyu.

Ta Projestus akanisikiliza hadi mwisho. "Paka tumemwona, mama. Lakini hatukuja kuposa paka."

Nikacheka peke yangu.

Shangazi akamgeukia Natukunda aliyekuwa amepiga magoti na kikapu kipya mikononi. "Binti, hebu niambie. Kwenu kahawa huchambuliwa kabla ya kutiwa kikapuni, au humwachia mgeni achambue kwa ulimi?" Wazee wengine wakaangalia chini. "Mwanamke wa shule anaweza kujua vitabu na asijue jiko. Tuambie tu, hatutakuchukia."

Natukunda akasema, "Mniwie radhi, shangazi." Basi. Hakuongeza. Hakunitazama hata kwa jicho la pembeni.

Sasa mdogo wangu, weka barua chini uvute pumzi, kisha uichukue.

Ile kahawa ya Julai haikuwa yake. Ilikuwa yangu. Niliichemsha mimi Mei, nikaiweka juu ya uchaga bila kifuniko, na asubuhi ya wageni nikaimimina kikapuni kwa haraka bila kuichambua, kwa sababu nilikuwa nahangaika na nyasi na vitambaa ili nisifiwe. Natukunda siku ile alifika kutoka kanisani saa moja kabla ya wageni. Nilimtaja yeye kwa kujisifia mtoto. Mzee alipotema, kinywa changu kilikuwa wazi kusema ni yangu, kikafunga. Nikasema kesho nitasema. Kesho nikakuandikia wewe kwamba mtoto wa siku hizi ni mzembe. Nikaandika kwa mkono huu huu. Na wewe ukamkemea, ukamwita aibu ya ukoo wetu, naye akasoma yote kwa sauti ya darasani huku mimi namenya ndizi.

Nilipomwona amepiga magoti pale, kile kichefuchefu cha wiki saba kikanigeukia mwenyewe. Paka angalau alikula uchafu wake akaumaliza. Mimi wangu niliupakua nikamwekea mwanangu kwenye sahani.

Nikasema. Nilisimama mbele yao wote, nikawaambia: "Ta Projestus, na wewe shangazi, ile kahawa niliipika mimi na nikaiweka ovyo mimi. Mtoto hakuigusa. Nilimsingizia."

Rubisi ilisikika ikichemka kwenye kibuyu. Anastazi akakohoa. Shangazi akanipima juu hadi chini, akasema, "Kumbe jiko lina mwenyewe." Nilistahili.

Mzee akamwambia Natukunda, "Na hii ya leo?"

"Ni yangu, baba."

Akachukua punje moja, akaipasua kwa ukucha, akaitazama ndani, akainusa. Akatafuna. Tukamsubiri ameze kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Akanyoosha mkono tena kikapuni, safari hii akachota kiganja kizima, akampa na dada yake. Ndoa itakuwa Jumamosi ya pili ya Januari, padri ataanza kutangaza baada ya Noeli. Ninataka uje, na shemeji akupe ruhusa, mwambie nimesema mimi.

Wageni walipoondoka tulikuwa wawili jikoni, tunaosha vikombe. Nilidhani atanikumbatia, maana nilikuwa nimejishusha mbele ya watu, jambo ambalo unajua silizoei. Akasuuza kikombe, akakifuta, akakipanga. Akasema, "Mama, ulichelewa."

Nikamwambia ndiyo.

Akaendelea na kikombe kingine. Tangu hapo anazungumza, ila kidogo kidogo, kama mtu anayepima chumvi.

Felicitas, ninakuomba umwandikie yeye, si mimi. Usimwandikie maneno ya shangazi kwa mtoto, mwandikie kama mtu aliyemkosea mwenzake, kwa sababu nimekukosesha. Na mama mkubwa huko Muheza, na yeyote mwingine uliyemsomea barua yangu ya Julai, msomee na hii, pamoja na lile tone la boriti na yale majivu, usiruke kitu. Nikichekwa nichekwe mimi.

Msalimie shemeji sana. Wasalimie watoto mmoja mmoja kwa jina, mwambie Cassian mdogo nimesikia amekuwa wa tatu darasani, damu yetu hiyo. Anastazi anakusalimu, Kantengwa naye anakusalimu ingawa hakujui. Mungu awafunike ninyi nyote kwa mkono wake, awape afya, na nyumba yenu aiepushe na panya, na ulimi kama wangu.

Bahasha sijaifunga. Ninaiacha mezani wazi, Natukunda aisome kwanza, na kama kuna mahali nimejipunguzia kosa aongeze kwa kalamu yake nyekundu, ndipo aipeleke mwenyewe posta.

Mimi dada yako nikupendaye,

Costansia