Nilimaliza Mabonde Saba Bila Yeye

...na hapo ndipo simu ilipokatika, mpendwa mshauri, nikiwa hata sijafika kwenye jambo lenyewe, kwa hiyo nimeona niandike niombe msaada wako, maana kipindini kwako redioni nilimaliza dakika zote kumsifu mume wangu, nisamehe, ni miezi mitatu tu tangu tufunge ndoa na nikianza kumtaja sijui pa kunyamazia.

Mume wangu tunamwita Cheche, kwa sababu ni fundi wa kuchomelea vyuma na mashati yake yote yana vitundu vya moto kifuani, nami ndiye niliyekuwa nikiyapiga pasi pale dobi ninapofanya kazi, ndivyo tulivyojuana. Matembezi yetu ya kwanza alinipeleka kuona filamu ya katuni, ya kakakuona mdogo anayevuka mabonde saba kumtafuta rafiki yake bundi aliyepeperushwa na upepo, na tuliirudia mara nne, ile ya nne tulikuwa tunasema maneno kabla wenyewe hawajayasema mpaka watoto wa mstari wa mbele wakageuka kutunyamazisha. Kwa hiyo siku ya harusi wifi yangu hakutuletea vyombo, alituletea gemu ya katuni hiyohiyo, ile ya kuchezea mkononi, ndogo kama kisahani cha sabuni.

Hatujamaliza hata wiki mbili, Cheche akaitwa kwenye ujenzi wa daraja, safari ya siku nzima kutoka hapa. Tukawekeana utaratibu. Dereva wa lori la saruji, ambaye huja mjini kila baada ya wiki mbili, anabeba gemu, zamu hii kwangu, zamu ile kwake, na kila mtu anavuka bonde moja tu, anahifadhi alipofika, anamwachia mwenzake. Kumtangulia mwenzako ni marufuku. Lakini utamu ni huu, kakakuona anaweza kusukuma mawe, na Cheche akimaliza bonde lake hunipangia mawe, yaani nikiwasha tu namkuta mnyama wetu kajikunja chini ya mti wenye maua, kazungukwa na mawe yaliyopangwa kwa umbo la moyo, moyo wenyewe umepinda upande mmoja lakini ni moyo, mshauri! Nilikuwa nawasha na kuzima, nawasha na kuzima, ili nikaribishwe tena.

Mwenzangu wa kazini ananicheka. "Bibi harusi, unamchekea mdudu wa kwenye kioo?"

"Si mdudu, ni kakakuona."

"Basi mwite akupokee pasi, hayo mashuka yanaungua!"

Sasa kosa langu. Jumapili mchana nilikuwa peke yangu chumbani, upande wake wa kitanda umenyooka vilevile nilivyoutandika, na bonde la tano lilikuwa langu, nikalivuka. Badala ya kuzima, nikaendelea. Nilijua kakakuona na bundi wanakutana, lakini nilitamani wakutane kwa vidole vyangu mwenyewe, kwa kuwa sisi hatukutani. Nikavuka la sita, lililokuwa la Cheche. Nikavuka la saba. Bundi akashuka, wakakumbatiana, nikalia kama niliyefiwa, na nilipofuta macho gemu ilikuwa imejirudisha bonde la kwanza, mawe yote aliyonipangia mume wangu yamefutika. Nafasi ya kuhifadhi ni moja tu.

Dereva alipokuja kuichukua, nikamwambia imekufa, haiwaki. Jioni Cheche, keshaambiwa na dereva kwa simu, akapiga.

"Usijali, Pasi wangu," ndivyo anavyoniita, "mkataba wangu unaisha mwezi huu, lakini wanatafuta mafundi wa kubaki mwezi mmoja zaidi. Nitabaki, nikuletee mpya."

"Si lazima, mume wangu."

"Nimeisikia sauti yako, umeumia. Ijumaa nasaini."

Nikasema "sawa." Mimi niliyekuwa nahesabu siku! Sasa nawaza nicheze haraka mpaka nilipokuwa, nipange mawe kama alivyoyapanga, hata kule kupinda nipindishe, kisha nimwambie imepona yenyewe asisaini. Nifanye hivyo?

Bibi Harusi wa Dobi

JIBU

Mwanangu Bibi Harusi, barua yako nimeisoma nikitabasamu mpaka nilipofika mwisho, hapo nikatamani kukufinya sikio.

Kumaliza gemu si dhambi. Ulikuwa na hamu na mumeo, ukavunja sharti mlilojiwekea, ukalia. Hilo kila aliyewahi kupenda atalielewa. Lakini unataka kughushi moyo wa mawe? Moyo ambao mwanamume mwenye mikono ya kushika vyuma alikaa akausukuma jiwe moja moja kwa ajili yako? Ukimwonyesha wa bandia atafurahi, na wewe utakaa pembeni ukiitazama furaha yake kama mwizi. Usithubutu.

Tena umejidanganya kwamba tatizo ni gemu. Cheche hataki kubaki huko kwa sababu ya gemu. Anabaki kwa sababu anadhani umepotewa na kitu na yeye ni mume. Unamwacha mtu avute moshi wa kuchomelea mwezi mzima kwa ajili ya kifaa kizima kilichomo kabatini kwako!

Mpigie leo, wakati wa mapumziko yake ya mchana. Usimtume dereva, usimtume wifi, usiandike ujumbe wenye vikaragosi vya kulia. Sentensi ya kwanza iwe ukweli. Ya pili iwe hii: nimekukumbuka mno. Mengine atayauliza mwenyewe.

Na jambo moja linanishangaza. Miezi yote hii mnatumiana mnyama wa kwenye kioo, na hujawahi kwenda. Kwani barabara inayopitisha saruji haipitishi wake za watu?

Kwa kuwa Ijumaa ilikuwa karibu, jibu hili nilimsomea kwa simu kabla ya kulichapa gazetini. Kesho yake aliniletea ujumbe huu:

Mshauri, nimempigia. Nilisema ukweli kwanza kama ulivyoniagiza. Cheche akasema, "Mke wangu, karatasi zililetwa mapema. Nimeshasaini tangu jana."

Nililia, naye nikamsikia anavuta pumzi. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, taratibu, kama kulikuwa na mawe yoyote yaliyobaki. Nikamwambia hapana. Akasema, "Basi," na lile "basi" lake limeniuma kuliko kelele.

Nikamuuliza kama kuna pa kulala huko. Akasema kuna chumba cha bati, kuna vumbi, kuna joto, maji ni ya kubeba, wewe utakaaje humo, Pasi? Nikamwambia nitakaa ubavuni mwako. Hapo ndipo alipocheka.

Mama mwenye dobi amenipa siku nne. Mwenzangu amekubali kushika meza yangu, ingawa amesema nikirudi nimeungua na jua asinisikie nikilalamika. Nimemwambia Cheche asinunue kitu chochote, anifagilie tu chumba. Kabla mwezi haujaisha, nitakuwa mlangoni kwake.